Mzee wa Unga wa Muhogo

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Gaspari kule Giheke, na wajukuu zake wakaniomba niseme maneno mawili kabla ya udongo. Nikasimama, nikasema. Nilidhani nimesema vizuri, maana maman mmoja kwenye mstari wa mbele alikishika kichwa kwa mikono miwili. Nilipomaliza, kijana aliyekuwa ananirekodi kwa simu akainua kidole: "Mzee, pardon, turudilie. Jua ilikuwa ku uso. Na sasa ukuwe muzee kidogo zaidi." Nimeshapita sitini. Mvi zangu ni zangu, magoti yangu yanalia kama mlango wa sakristia, na tangu ujana wangu sina kazi nyingine ya maana niliyoifanya ila kuwa mzee mbele ya watu, jukwaani kwanza, kisha kwenye filamu. Nimekuwa baba mkwe, chifu, hakimu, mganga, na mara kadhaa maiti, nafasi niliyoipenda kuliko zote kwa sababu unaifanya umelala. Sijawahi kuwa wa kwanza kwenye bango. Jina langu hukaa chini kabisa, pale gundi inapoanza kubanduka. Lakini waulize watu wa mji wetu wa Kamembe filamu ilihusu nini: watamsahau mpenzi, watamsahau mwizi, watakwambia, "Ile ya ule muzee." Na leo, nikiwa mzee wa kweli kwa gharama zangu mwenyewe, naambiwa bado sijafika. Nikarudia, maana mwigizaji hakatai kurudia. Safari ya pili yule maman hakushika hata sikio.

Nilirudi nyumbani nikakaa. Giheke si mbali na Kamembe, lakini kwangu mimi kitu chochote kisichoonekana kutoka kwenye kiti changu ni safari, na safari inahitaji kupumzikiwa. Nikawa namwaza marehemu. Mzee Gaspari hakuwa ndugu yangu wala jirani yangu. Tulikutana mara ya kwanza katika mwaka ambao mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na yeye alikuwa msemaji wa posa anayeogopwa kuliko wote upande ule wa mlima, na kilichotokea baina yetu mbele ya viti viwili vya mbao ndicho kilichonifanya niwe hiki nilicho. Kila nafasi niliyoicheza baadaye, nilikuwa naicheza mbele yake, hata pale alipokuwa hayupo.

Mwaka ule nilikuwa na diploma yangu ya sekondari kwenye mfuko wa plastiki na sababu tele za kutokwenda popote. Niliomaliza nao walitawanyika, Kigali, Butare, Bukavu, wakarudi Noeli na viatu vipya na kunipiga begani: "Anselimu, na weye uko wapi?" Nilikuwa palepale waliponiacha. Nilipanga chumba kimoja nyuma ya mgahawa wa Maman Zubeda, mjane wa Kiislamu mwenye sauti ya kuamsha wafu na mkono wa kuwalisha wakishaamka. Kitanda changu kiligusana na ukuta wa mbao, na upande wa pili wa mbao hizo ndiko wateja walikokaa: wafanyabiashara wa Bukavu waliovuka daraja na marobota ya vitenge, mafundi cherehani, wavuvi wa kisiwa cha Nkombo waliokuja kuuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, na kubaki kuzila, wazee waliokunywa chai moja kuanzia saa tatu hadi adhuhuri. Sikuwaona. Niliwasikia tu, nimelala chali, mikono chini ya kisogo, na harufu ya vitunguu ikiingia kwenye nyufa pamoja na maneno. "Maman, hii sambaza ni ya jana." "Ya jana njo weye. Sambaza ilikufa asubuyi, weye ulikufa zamani." Ijumaa kulikuwa na pilau, na siku hiyo hata waliogombana walikaa meza moja, wakagombana kwa adabu. Siku nyingine ilikuwa bugari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, au ndizi na maharagwe, na sauti za vijiko zilinieleza nani ana njaa na nani ana habari. Mtu mwenye habari hupiga kijiko kwenye sahani kabla ya kusema.

Wenzangu waliosomea uigizaji wananiambia walifundishwa kupumua. Mimi nilifundishwa na mbao zile. Nilijua mzee mmoja kwa jinsi alivyovuta hewa kabla ya kudanganya, mwingine kwa jinsi alivyosema "hapana" mara tatu, kila moja ikiwa ndogo kuliko iliyotangulia, mpaka ya tatu ikawa ndiyo. Nikawarudia kimyakimya, kisha si kimyakimya. Asubuhi moja mlango ukasukumwa, Maman Zubeda akasimama na kikombe cha chai mkononi.

"Uko na mugeni?"

"Sina, Maman."

"Nani aliita chai ya tangawizi?"

"Ni miye. Nilikuwa naigiza Mzee Salumu."

Akakitazama kikombe, akanitazama mimi. "Mara mbili leo nilishaleta chai ku meza yake, na Mzee Salumu mwenyewe ajafika. Utakunywa hii, na ile ingine, na kesho ukiita tena, uite chakula ya nguvu, na nyama yake."

Ukumbi wa vijana ulikuwa umbali wa kutembea, na kama ungekuwa mbali zaidi nisingekuwa mwigizaji. Mwalimu wa gimnastiki wa shule yetu ya zamani alikuwa ameanzisha kikundi cha tamthilia pale, akatupangia nafasi kama anavyopanga wachezaji wa mpira: warefu nyuma, wenye mbio pembeni. Mimi nilitazama mchezo mzima, nikauliza ni nani ana kiti. Nikaambiwa mzee. Nikachagua uzee. Wenzangu walipigania nafasi ya kijana mpenzi, ambaye anapaswa kukimbia, kulia, kupigana na kuimba. Mimi nikajitwalia fimbo, koti la mtumba lililonuka nondo, na unga wa muhogo wa kupaka nywele. Unga ule ulikuwa siri ya kikundi. Chokaa iliwasha, majivu yalinitoa kama mgonjwa, lakini unga laini wa muhogo ukiuchekecha na kuupuliza juu ya nywele zilizopakwa mafuta kidogo, unapata mvi za mtu aliyeheshimiwa maisha yake yote. Kasoro yake moja ni jasho. Ukitoka jasho, unaanza kupika bugari kichwani.

Mchezo uliotupa jina ulimhusu mzee mmoja aitwaye Baruti, aliyekaa mijini miaka mingi mpaka akasahau mila. Anakwenda kumposea mwanawe. Sasa, kwetu kila mtu anajua posa inavyokwenda. Wageni wanakaa upande mmoja, wenyeji upande wa pili, kila upande na msemaji wake, na msemaji wa upande wa binti lazima akatae kwanza. Atasema binti bado anasoma, au ameshaahidiwa wengine, au hawajawahi kuwa na binti katika nyumba hii tangu ijengwe. Anakataa kwa heshima na kwa ufundi, na ufundi ukizidi heshima inazidi, kwa sababu binti anayetolewa bila kukataliwa ni kama ametupwa. Wageni wanacheka, wanabembeleza, wanaomba tena. Wote mnajua mwisho wake. Ila Baruti amesahau. Anapokataliwa anaona ametukanwa kweli. Kunakuwa kimya kirefu, kisha anainuka, anasema, "Fimbo iliyonileta inajua njia ya kurudi," na familia yake nzima inainuka nyuma yake, mwanawe akitangulia, kisha mkewe, kisha wajomba, wanatoka mstari mmoja kushoto, na mchezo umekwisha. Ukumbi ulikuwa unaanguka kwa kicheko na makofi. Tuliucheza Kamembe, tukaucheza Gashonga kwenye uwanja wa shule, tukaurudia Kamembe kwa sababu watu walidai. Mwanangu alichezwa na Shukuru, kijana wa Bukavu, Mkristo, muuza vitenge, mwenye meno mazuri na imani kubwa katika meno hayo. Mke wangu alikuwa Esperansi wa Nkombo, ambaye hakuwahi kunisamehe kwa kuwa mvivu. Kwa kuwa nilikuwa na tabia ya kustarehe kwenye kile kimya kirefu, wakati mwingine nikikaribia kusinzia, yeye ndiye aliyekuwa ananiamsha: alikohoa kidogo nyuma yangu, kikohozi kimoja kikavu, na hapo mimi nilijua ni saa ya kuinuka, na wengine wote wakajua vilevile. Mwalimu alikipenda kikohozi kile, akakiingiza kwenye mchezo.

Katikati ya mwaka Shukuru alipenda kweli. Binti aliitwa Vestine, wa Giheke, alikuwa anashona mashuka kwa masista, na alikuwa na jibu kwa kila jambo. Baba yake alikuwa mtu wa kanisa, mpole mpaka umkosee. Siku ya posa ilipangwa. Wazee wa Shukuru walikuwa wavuke kutoka Bukavu. Hawakuja, kwa sababu mmoja alifiwa. Baba yake Vestine akaelewa. Siku ya pili ikapangwa, na baba akasema kwa ule upole wake kwamba akiwapikia wageni wasiokuja kwa mara ya pili, hatawasha moto kwa ajili yao mara ya tatu, na kuna kijana mwingine, mwalimu, ambaye wazazi wake wanaishi umbali wa kuitwa kwa sauti. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha kama inalipia mwaka mzima. Asubuhi nilikuwa nakunywa chai niliyoiita kwa sauti yangu mwenyewe, Shukuru akaingia ameshika kichwa. Udongo ulikuwa umeporomoka upande wa Bukavu, barabara imekatika, wazee wako ng'ambo na gari limezama hadi madirisha.

"Nimekufa," akasema. "Miye sasa ni mutu wa kufa."

"Uende mwenyewe, ubaeleze," nikasema.

"Mutoto anajiposea? Anselimu, banisikilize namna gani? Kule bantu banangojea muzee. Bila muzee hata kiti habatakupa."

Maman Zubeda, ambaye hakuwahi kusikiliza mazungumzo ya wateja ila tu yote, akaweka sufuria chini. "Muzee munataka? Si muko naye hapa, analalaka nyuma ya ukuta yangu bure?"

Niseme wazi hapa kwamba hakuna uongo uliokuwa unafanyika. Msemaji si lazima awe wa damu. Familia nyingi zilikuwa zinaazima mtu mwenye kinywa, na zinaazima mpaka leo. Kinachotakiwa ni mvi. Nilikataa, nikitaja mgongo, matope, na mambo mengine ambayo mzee wa kweli angeyataja. Shukuru hakubishana. Alinitazama tu, na ile imani yote katika meno yake imeondoka. Nikamwambia alete unga.

Tukaenda kikundi kizima, maana familia ya mtu mmoja si familia. Esperansi akavaa kitenge chake cha jukwaani, wajomba wa tamthilia wakawa wajomba wa kweli, na mpiga video mmoja aliyekuwa ameshalipwa na Shukuru akapanda nyuma ya pikapu na mashine yake imefungwa nailoni kama mtoto mchanga. Uani kwa baba yake Vestine walikuwa wametandika turubai juu ya nguzo za mianzi, mbichi bado, zinanuka. Viti vilitazamana. Ndani, nyuma ya rido, pazia la mlango lenye maua makubwa mekundu, alikuwa Vestine, aliyetakiwa kukaa bila kuonekana mpaka aitwe. Huko nyuma jikoni niliisikia nyama ya mbuzi ikikaangwa, na nikafikiri, hii siku naiweza. Kisha akainuka msemaji wao. Mwembamba, mrefu, kofia mkononi, sweta ya kijani imefungwa vifungo vyote. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona Gaspari. Alikuwa amefanya kazi Bukavu miaka mingi, na kwa heshima ya wageni waliotoka ng'ambo akaamua kusema Kiswahili.

"Bageni, karibu. Tumewaona. Matope ya viatu yenu inasema mumetoka mbali. Munatafuta nini?"

Nikamjibu kwamba tumesikia katika nyumba hii kuna moto unaowaka bila moshi, na sisi kwetu ni baridi. Watu wakaguna kwa kuridhika. Akasema moto huo ni wa kupikia watoto wake. Nikasema hata kaa moja tu linatutosha. Tukaendelea hivyo, yeye na mimi, na nilijisikia kama ninaogelea. Kila neno lake lilinikuta nimeshanyoosha mkono. Sauti ya Mzee Salumu ilinitoka kifuani bila kuombwa. Baba yake Vestine alianza kutabasamu. Shukuru, pembeni yangu, alianza kupumua. Ndipo Gaspari akavaa kofia yake, akaivua tena, akaniinamia na kusema pole, kwa huzuni ya kweli kabisa, kama mtu anayeleta habari za msiba:

"Muzee, unasema vizuri. Lakini nisikudanganye. Mutoto tulishamupa bantu bengine. Mwende salama."

Akanyamaza. Na alijua kunyamaza, yule bwana. Alikiacha kimya kikae katikati ya ua kama mgeni wa tatu. Wasemaji wengine wanakataa huku jicho linacheka. Yeye uso wake ulikuwa ukuta. Turubai lilidondosha tone moja. Na nyuma yangu Esperansi akakohoa.

Yaliyofuata sikuyafanya mimi, yalifanywa na miguu iliyozoea. Nilikuta nimesimama. Nilikuta mdomo unasema, kwa sauti nzuri kuliko nilivyowahi kuisema ukumbini, "Fimbo iliyonileta inajua njia ya kurudi." Nikageuka kushoto. Nyuma yangu nikasikia viti, vyote pamoja, kama siku zote, na viatu vya familia yangu vikija kwa mstari. Tulitoka vizuri sana. Tulifika nje ya uzio wa miti ya miyenzi, tukaingia kwenye migomba, na mimi nikasimama nikisubiri makofi.

Hakukuwa na makofi. Kulikuwa na nyama ya mbuzi inayokaangwa.

"Mumeniua!" Shukuru alisema. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Anselimu, umeniua. Mbele ya baba yake. Umenitoa ku harusi yangu miye mwenyewe!"

"Ni kikohozi," mjomba mmoja akasema.

"Nilikuwa na mafua!" akasema Esperansi. "Mutu hana ruhusa ya kukohoa? Miye nilikohoa, sikusema muende!"

"Na weye ulifwata juu ya nini?"

"Nilifwata bwana yangu! Bwana akitoka nibaki kule na nani?"

Walikuwa wanagombana kwa kunong'ona, kama watu wanaogombana kanisani. Mimi nilisikiliza upande wa ua. Kimya. Si kile kimya cha Gaspari. Hiki kilikuwa cha watu ambao hawajui waangalie wapi. Mwalimu alitufundisha sheria moja kubwa kuliko zote: aliyetoka jukwaani ametoka, harudi kuomba radhi, atazidisha aibu. Na mchezo wetu ulikuwa unaishia pale. Baada ya maneno yale ya fimbo sikuwa na neno lingine hata moja, hakuna aliyewahi kuliandika. Nitasema ukweli wa moyo wangu: nilitamani kitanda changu. Pikapu ilikuwa pale. Lakini Shukuru alikuwa amekaa chini kwenye matope na suruali yake ya posa, anatazama mikono yake, na nikaona kwamba kijana yule mwalimu ambaye wazazi wake wanaitwa kwa sauti atakuwa hapa Jumapili ijayo, na hakuna mtu atakayemkoholea. Unga ulikuwa umeanza kunishuka shingoni. Nikawaambia wabaki. Nikarudi peke yangu.

Wote walikuwa wamesimama. Baba yake Vestine alikuwa ameshika mgongo wa kiti. Gaspari hakuwa amesogea hata hatua, kofia mkononi, na uso ule wa ukuta ulikuwa umebadilika rangi. Nilitembea polepole, kwa sababu mzee anaruhusiwa, na kwa sababu nilikuwa natafuta cha kusema. Nilifika kwenye kiti changu. Sikukaa.

"Nilitoka kutazama njia," nikasema. "Nilitaka kujua kama inaweza kunirudisha. Nimeiona. Ni ndefu sana kwa muzee anayerudi na mikono mitupu. Kule nyumbani batoto bataniuliza, umeleta nini? Nitabaonyesha matope? Basi nimerudi. Sina aibu. Mutu wa baridi hana aibu mbele ya moto. Kama mumemupa bengine, mutanipa kiti tu, nitakaa hapa mpaka bale bengine bachoke."

Mtu mmoja nyuma alicheka, mwanamke, kicheko kifupi cha kutoshika pumzi. Kisha mwingine. Gaspari akakisukuma kiti kuelekea kwangu kwa mkono wake mwenyewe.

"Kaa, muzee," akasema. "Kaa, tafazali. Bale bengine... bale bengine habako." Akageukia wenzake. "Muite familia yake. Muite haraka."

Ilipaswa akatae mara ya pili, na ya tatu kwa adabu. Hakukataa tena. Aliruka yote, akatukabidhi binti kama mtu anayekupa sahani ya moto, na shangazi wa Vestine walilalamika mpaka jioni kwamba mtoto wao ametolewa upesi mno. Ng'ombe walitajwa, vinywaji vikapokelewa, Vestine akaitwa akatoka nyuma ya rido, macho chini kama inavyotakiwa, ila aliyainua mara moja, akanitazama mimi na si Shukuru, na hayakuwa macho ya shukrani. Wazee wa Bukavu walifika kesho yake, wakaambiwa kwamba jana walisema vizuri sana.

Wakati wa kula, Gaspari aliniita nyuma ya nyumba, karibu na pipa la maji. Nilikuwa na mfupa mkononi.

"Mvi zako zinaanguka ku sahani," akasema. "Uko na miaka ngapi? Ya kweli."

"Ishirini na tatu, Mzee."

"Nilijua si sitini. Muzee wa sitini angeomba msalani kwanza." Hakucheka. Alikuwa anaizungusha kofia. "Sikiliza, kijana. Miye nimekatalia bantu babinti tangu weye hujazaliwa. Bote banachekaka. Bote banakaaka. Hata nikisema mabaya namna gani, banajua ni mila. Weye njo mutu wa kwanza aliniamini. Uliposimama, niliogopa kweli. Nikasema, Gaspari, leo umeua mutoto wa wenyewe na kinywa yako." Akaivaa kofia, akaivua, na safari hii hakukuwa na ufundi ndani yake. "Usimwambie mutu. Lakini tangu leo nitakuwa nakataa kidogo kidogo."

Sikumwambia kwamba sikumwamini hata kidogo, kwamba nilifuata kikohozi. Kuna sifa ambazo ukizirudisha unamkosea aliyekupa. Nilikwenda nayo nyumbani, na ninakiri imenilisha vizuri.

Shukuru alinisalimia siku ya harusi yake kama mtu anavyomsalimia mtoza ushuru. Wiki zikapita. Kwake yeye jambo lilikuwa rahisi: Anselimu alisimama, Anselimu akawabeba wote, Anselimu nusura amkoseshe mke kwa sababu ya uvivu wa akili. Alisema hivyo mgahawani, upande wa pili wa mbao, akijua nimelala wapi. Nami nikakubali moyoni, maana na mimi nilikumbuka hivyohivyo. Kaseti ile ya video baadaye ilizunguka Kamembe, ikavuka hadi Bukavu, watu wakaiazimana kuliko filamu za karate, na kwa njia hiyo bwana mmoja wa Kigali aliyekuwa anatengeneza filamu za mafunzo ya afya aliiona, akaja kunitafuta, akanikuta nakula na kuniambia kwa heshima kwamba anamhitaji baba yangu. Ndiko kazi yangu ya filamu ilikoanzia. Lakini kabla haijazunguka, tuliitazama mara ya kwanza sisi wenyewe, Jumapili mchana, televisheni ya mpiga video imewekwa juu ya friji ya Maman Zubeda. Kikundi kizima tulikuwepo. Shukuru alikaa mbali nami, Vestine kando yake na kanga begani.

Tulijitazama tukisema, tukacheka. Ikaja kofia ya Gaspari, ikaja "mwende salama". Kikaja kimya. Esperansi wa kwenye kioo akakohoa, na kwenye kioo mtu akasimama, haraka, kama aliyechomwa na msumari. Hakuwa mimi. Mimi nilikuwa bado nimekaa, nimestarehe, mkono juu ya fimbo, nakodoa macho. Aliyesimama wa kwanza alikuwa Shukuru. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akageuka kushoto. Na mimi nikamfuata.

Maman Zubeda alisema kutoka jikoni: "Kumbe bwana arusi njo alikimbia?" Shukuru aliweka mkono juu ya mdomo. Sikumtazama. Kwenye kioo sisi tulikuwa tumeshatoka, na mpiga video, ambaye hakujua amfuate nani, aliiacha mashine inatazama viti vitupu na mlango wa nyumba. Ile rido ya maua mekundu ikatikisika. Chini yake ukatokea mguu mmoja, umevuliwa kiatu, ukakanyaga udongo. Ukasimama pale. Vidole vikashika ardhi kama vya mtu anayetaka kuanza mbio. Kisha sauti yangu ikasikika inarudi, "Nilitoka kutazama njia," na mguu ukarudi ndani taratibu.

"Ile ni mguu yangu," Vestine alisema. Hakuwa anaongea na sisi. "Viatu vilikuwa virefu, nilianza kuvivua. Nilikuwa nakuya. Muzee huyu angechelewa kidogo, ningetoka mbele ya baba na bantu bote, ningeshuka kule ku migomba nikuulize weye mwenyewe, Shukuru: unanitaka ao hunitaki?"

Mpiga video alikuwa ameinua mkono kuzima. Shukuru akamshika.

"Rudisha," akasema. Mkanda ukarudi nyuma, viti vikajaa, ukaenda mbele, vikawa vitupu tena, rido ikatikisika, mguu ukatoka. "Rudisha tena." Akakivuta kiti chake, bila kunitazama, akakileta kando ya changu.